Si Mahali pa Kulaza Ubavu Tu

Ipo kauli ipitayo midomoni mwa watu kila mwaka vijana wanapotoka shule za sekondari kwenda vyuo vikuu. Wazazi huisema kwa nia njema, madalali huisema kwa tamaa ya fedha, na wanachuo wa zamani huisema kwa majivuno ya mtu aliyekwisha kuvuka mto: kwamba chumba cha mwanafunzi ni mahali pa kulaza ubavu tu. Kijana yuko darasani mchana kutwa, wasema. Usiku hufumba macho, asubuhi huondoka. Ya nini basi kuuliza habari za maji, madirisha na majirani? Na atwae chumba kilicho karibu na lango la chuo, au kilicho rahisi kuliko vingine, na shauri liishe. Kauli hii si kweli. Imewapotezea vijana wengi fedha, wengine afya, na wengine masomo yenyewe waliyoyaendea, nami nakusudia kuipinga.

Natuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Juma lina saa 168. Mwanachuo katika nchi yetu aghalabu huchukua masomo sita au saba kwa muhula, na kila somo hupewa mihadhara ya saa kama tatu kwa juma. Hizo ni saa 18 au 21. Mwenye kusoma sayansi mwongeze saa za maabara, tena umwongeze kwa ukarimu, mpaka zifike 35. Toa hizo katika 168, zitasalia 133. Toa saa 56 za usingizi, yaani saa nane kila usiku, zitasalia 77. Saa hizo 77 huenda wapi? Maktaba huchukua sehemu yake, njia huchukua sehemu, na mazungumzo ya vijana hayakosi sehemu. Lakini kuna kufua, kupika, kuoga, kuugua siku mbili za homa, kuandika kazi aliyoitaka mwalimu, na kurudia daftari la juzi; na mambo hayo yote, pamoja na usingizi wenyewe, hutendeka chumbani. Anayesema kwamba chumba ni mahali pa kulala tu amehesabu saa za mihadhara akasahau zilizobaki, nazo ndizo nyingi.

Ninyi msomao maneno haya mkiwa bado shuleni mna sababu ya pekee ya kuyatia maanani. Wengi wenu mwakaa katika mabweni. Kengele huwaamsha, kengele huwalaza, na saa ya kusoma usiku taa huwashwa na mwalimu wa zamu hupita. Hamkuchagua kitanda, wala jirani, wala saa ya kuoga. Utaratibu huu una faida zake, lakini haukumfundisha mtu kuchagua makao. Miezi michache baada ya mtihani wa mwisho kijana huyu huyu hutiwa fedha mkononi akaambiwa akatafute chumba katika mji asioujua, miongoni mwa watu wenye kuishi kwa kuwapangisha wageni. Lugha yetu imelipa neno kupanga kazi mbili: ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi, na ni kutia mambo katika utaratibu. Kijana huyo atafanya kupanga kwa maana ya kwanza siku hiyo hiyo. Kwa maana ya pili hajawahi kujaribu.

Zamani shida hii haikuwa kubwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kujitegemea mwaka 1970 kilikuwa peke yake nchini, na mwanafunzi aliyepata nafasi alipata pamoja nayo kitanda na chakula. Baadaye vikaja Moi mwaka 1984, Kenyatta mwaka 1985, Egerton mwaka 1987, na Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia mwaka 1994. Mwaka 1998 Nairobi ilifungua milango kwa wanafunzi wajilipiao karo, na vyuo vingine vikafuata. Hayo yalikuwa mema, kwa kuwa elimu haikuwa tena ya wachache. Walakini madarasa yalijaa upesi kuliko mabweni yalivyojengwa, na nje ya malango ikaota miji mizima ya vyumba vya kupanga: Juja, Kahawa Wendani, Njoro, Maseno, na mingineyo. Katika miji hiyo wapo wenye nyumba waungwana. Wapo pia waliogawa chumba kimoja kwa ubao wakakiita viwili.

Sasa nitazame hoja ya ukaribu, maana ndiyo iuzwayo kwa bei kubwa kuliko zote. Sikatai kwamba ukaribu ni neema. Ninachokataa ni kuupima kwa macho. Chumba kinaweza kuonekana toka dirishani mwa darasa na bado kiwe mbali. Tuseme kiko ng'ambo ya Barabara Kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulimalizika mwaka 2012 na ambayo magari huipita kama mishale. Atakayetaka kufika salama atakwenda mpaka penye daraja la waendao kwa miguu, apande, ashuke, na kurudi nyuma mwendo ule ule aliokwisha kwenda. Mchana hilo ni zoezi la miguu. Usiku ni jambo jingine. Basi swali si kwamba chumba kiko hatua ngapi kutoka langoni. Swali ni kwamba mtu aliyefunga kitabu maktabani saa nne za usiku, mvua ikinyesha na umeme umekatika, atapita wapi kufika kwake. Kwa msichana swali hili ndilo la kwanza kabla ya kodi. Njia ya dakika ishirini yenye taa, maduka na watu ni fupi kwake kuliko uchochoro wa dakika tano wenye kiza. Nimewasikia wazee wakisema kwamba msichana mwenye adabu hakai maktabani mpaka saa nne. Huku ni kumnyima kitabu kwa kosa la mwenye kumvizia njiani. Jibu lililo bora ni kuitembea njia hiyo kwanza, usiku, pamoja na ndugu au rafiki, kabla ya kutoa hata senti.

Kwa hakika sharti nyumba ionwe mara mbili. Dalali hupenda kuionyesha saa nne za asubuhi siku ya kazi, wakati wapangaji wametoka, kilabu cha chini kimefungwa, na maji, kama yapo, hayana wa kuyagombea. Rudi Ijumaa saa tatu za usiku. Sikiliza. Kama kuta zinatikisika kwa ngoma, zitatikisika Ijumaa zote za miaka minne. Wala sisemi juu ya vilabu peke yake; mkesha wa ibada nao, vipaza sauti vikielekezwa dirishani mwako, haumwachi mtu kulala wala kusoma, na Mola anayesifiwa si kiziwi. Ukiwa humo tazama kama kuna nafasi ya meza na kiti. Vyumba vingi hujengwa vitoshe kitanda na mlango wa kukifikia. Mwanafunzi asomaye kitandani husoma kurasa mbili, na ya tatu humkuta amelala. Tazama dirisha: je, mchana mtu aweza kusoma pasi na taa, au limefunguliwa kwenye ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono? Umeme siku hizi hununuliwa kwa tokeni kabla ya kutumiwa, na chumba cha giza hula tokeni hata jua la adhuhuri likiwaka.

Na hapa ndipo hadaa ya kodi nafuu inapofumbuka. Kodi si bei ya chumba. Ni sehemu tu ya bei. Nitatoa mfano, na bei zake ni za kutunga. Chumba kimoja kodi yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na hakina maji. Mpangaji hununua mitungi mitatu ya lita 20 kila siku, kila mtungi kwa shilingi 20. Hizo ni shilingi 60 kwa siku, yaani 1,800 kwa mwezi. Kiko mbali, naye hupanda matatu kwa shilingi 30 kwenda na 30 kurudi, siku 22 za masomo. Hizo ni 1,320. Jumla ni shilingi 8,120. Chumba cha pili kodi yake ni 7,000, bomba linatoa maji, na huenda chuoni kwa miguu. Aliyekimbilia cha kwanza kwa kuwa ni rahisi hulipa shilingi 1,120 zaidi kila mwezi, mbali na mgongo unaouma kwa kupandisha mitungi ghorofa ya nne. Ikiwa fedha hizo zatoka katika mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa mwaka 1995, basi ni deni, na atakuja kulipia mitungi ile pamoja na riba wakati amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto.

Zipo pia kodi za miezi ambayo mwanafunzi hayupo. Mihula miwili ya mwaka haizidi sana miezi minane, lakini mwenye nyumba huhesabu miezi kumi na miwili. Katika chumba cha shilingi 7,000 tofauti ni shilingi 28,000, fedha za kulinda kitanda kitupu. Baadhi ya wenye nyumba hukubali nusu ya kodi wakati wa likizo ndefu, na baadhi hupangisha kwa muhula. Wengi hawalisemi jambo hili wenyewe. Hungoja kuulizwa, na kijana mwenye haya haulizi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba nchi yetu si ya hali moja, na chumba kizuri mahali pamoja chaweza kuwa adhabu mahali pengine. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, karibu na bahari. Huko chumba kilichoezekwa bati bila dari huwa tanuri kuanzia saa tano, na anayekusudia kusoma alasiri hatasoma. Wazee wa pwani waliojenga kuta nene za mawe na kuezeka makuti hawakuwa wajinga. Chuo cha Egerton kiko Njoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku baridi hupenya mifupa. Huko mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huivuta asijue, na asubuhi mlango huvunjwa na majirani. Chumba kisichopenya upepo mlangoni, na blanketi la pili, ni nafuu kuliko jiko hilo.

Nimefika penye jambo ambalo wasemao mahali pa kulaza ubavu tu hawana budi kulijibu, kwa kuwa ni saa za kulala hasa ndizo zilizoua watu. Mwezi wa Machi mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, moto uliwashika wavulana bwenini usiku. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Walikufa 67. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 huagiza kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, na milango ifunguke kwa nje. Lakini mwongozo huo ni wa shule. Nyumba ya kupanga iliyo nje ya lango la chuo haumo ndani yake, na mwenye nyumba huweka vyuma madirishani, hufunga lango moja la chini saa tano za usiku, na ufunguo hulala mfukoni mwa msimamizi, ambaye huenda amelala kwingine. Naelewa kwamba wezi wapo. Lakini vyuma vyaweza kutengenezwa vyenye kufunguka kwa ndani, na ufunguo wa pili waweza kutundikwa mahali panapojulikana na wapangaji wote. Muulize msimamizi: moto ukishika ngazini, watu wa juu watoke wapi? Akicheka, usicheke naye.

Jengo lenyewe nalo litazamwe. Tarehe 29 Aprili mwaka 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa huko Huruma, Nairobi, iliyojengwa kando ya mto, ilianguka ikawafunika watu waliokuwa majumbani mwao, na waliokufa walifika hamsini hivi. Mwanafunzi si mhandisi. Hata hivyo macho anayo: nyufa zinazokwenda mshazari toka pembe za milango, nguzo zinazoonyesha chuma chenye kutu, ghorofa mpya inayoongezwa juu ya wapangaji wakiwa chini, maji yanayotuama penye msingi. Mambo hayo hayahitaji shahada.

Watanijibu watu wa aina mbili. Wa kwanza watasema kwamba maskini hana uchaguzi, na maneno haya ni ya watoto wa matajiri. Nasema kinyume chake. Mtoto wa tajiri akikosea chumba, babaye humhamisha mwezi ujao. Mtoto wa mkulima aliyeuza ng'ombe mmoja ana nafasi moja tu ya kukosea, pengine hana hata hiyo. Na kufungua bomba, kuitembea njia usiku, kumwuliza mpangaji wa jirani kwa nini aliyekuwamo alihama, havidai malipo. Maskini ndiye mwenye haja kubwa ya kuuliza, kwa sababu hawezi kununua jibu baadaye.

Wa pili ni wapenda dhiki. Hawa hutukumbusha watu mashuhuri waliosoma kwa kibatari wakilala juu ya mkeka, wakasema kwamba taabu humkomaza kijana. Nawaheshimu waliosoma kwa kibatari. Lakini tunawajua kwa sababu walifaulu. Wale waliosoma kwa kibatari hicho hicho wakaharibika macho, wakaugua kifua, au wakakata tamaa na kurudi kwao, hakuna anayewaandikia habari zao wala kuwaalika kuhutubia siku ya zawadi. Kuichukua hesabu ya waliopona peke yao na kuifanya hoja ni kama kuwauliza waliovuka mto juu ya mamba. Tena wapenda dhiki hawa, ukichunguza, wengi wao wana mashamba na vyumba vya kupangisha.

Habari ya kukaa wawili au watatu ili kugawana kodi nitaisema kwa ufupi. Ni shauri jema, na wengi hawana jingine. Lakini usimchague mwenzi wa chumba kwa kuwa ni rafiki mcheshi. Umchague kwa saa zake. Anayelala saa tatu na anayewasha redio saa tano watachukiana kabla ya mtihani wa kwanza, hata wakiwa wamenyonya ziwa moja. Na ijulikane tangu mwanzo ni jina la nani lililomo katika mkataba, kwa kuwa mmoja akiondoka katikati ya muhula, mwenye nyumba atamdai aliyebaki kodi nzima.

Mwisho ni fedha na karatasi, ambapo vijana wengi hunyolewa bila maji. Wapo matapeli wanaopiga picha za vyumba visivyo vyao, wakadai amana itumwe kwa simu kabla mtu hajakiona chumba, kwa madai kwamba watu kumi wengine wanakingoja. Na wakingoje. Fedha isitoke kabla mguu haujaingia chumbani na kabla hujamjua mwenye nyumba au wakili wake halali. Wala msitumaini kwamba serikali itakuja kuamua kila ugomvi. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliwekwa kumlinda mpangaji, lakini mpaka wake uliwekwa penye nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na chumba cha bei hiyo karibu na chuo kikuu ni adimu kama maziwa ya kuku. Kwa hiyo ngao ya mwanachuo ni maandishi: kodi ni kiasi gani, hulipwa tarehe gani, amana itarudishwa lini na kwa masharti gani, nani hulipia maji, notisi ya kuhama ni ya siku ngapi. Kila malipo yawe na stakabadhi. Na siku ya kuingia, kabla ya kutandika kitanda, ziandikwe kasoro zote zilizomo: ufa wa ukuta, kitasa kilicholegea, kioo kilichovunjika, bomba linalovuja. Mwenye nyumba au msimamizi atie sahihi, mpangaji atie sahihi, na nakala moja ibaki kwa mpangaji. Maana siku ya kuhama, miaka minne baadaye, msimamizi aliyempokea huenda hayupo tena, na kioo kile kitadaiwa kwake.